Maharage yangu hayakutema kitu, mimi ndo sikupiga hesabu

Nikiwa masters Ujerumani nilipewa kazi ya kuangalia maharage yananyonya fosforasi kwa kasi gani. Unaweka fosforasi-32, yaani fosforasi yenye mionzi, kidogo tu kwenye maji ya mizizi alafu unaifuata kwa mionzi yake mpaka kwenye majani, mmea wenyewe hauitofautishi na ile ya kawaida, unakula tu.

Nilidhani nitajificha nyuma ya madini ya risasi kama chumba cha eksirei, fundi wa maabara akacheka akaniwekea ubao wa plastiki angavu wa sentimita 1. Kumbe beta, yaani mionzi ya hii kitu, ina nguvu sana, ikigonga risasi inazalisha eksirei nyingine, yaani unajiongezea balaa mwenyewe. Basi nikavaa glavu mbili na pete ya kupima dozi ya mionzi kidoleni, na kaunta ya Geiger, kile kifaa cha kupima mionzi, pembeni imewashwa muda wote, ukichafua tu meza inakusemea hapohapo.

Sasa kasheshe. Siku ya kwanza jani lilisoma vizuri, baada ya wiki mbili nalipima lilelile namba imeshuka karibu nusu. Nikaandika kabisa kwenye daftari kwamba mmea unarudisha fosforasi mizizini, nikajiona Hevesy, yule mwanasayansi aliyefuatilia risasi yenye mionzi ndani ya mmea wa jamii ya maharage mwaka 1923. Dada mmoja Mkenya tuliyekuwa naye akanitazama, "Kaka, umetoa ile ya kuoza?" Aisee. Fosforasi-32 inaoza yenyewe, nusu yake inaisha kila siku 14.3, jani halijatoa chochote!

Toka siku hiyo nikawa natunza tone moja la yale maji yenye fosforasi-32 kwenye kichupa, kila nikipima majani napima na tone, alafu nagawanya namba ya jani kwa ya tone, kuoza kunajifuta kwenyewe. Mizizi nayo ilinisumbua maana fosforasi nyingine inang'ang'ania nje tu haijaingia, mpaka nikaanza kuisuuza kwa fosfeti ya kawaida isiyo na mionzi ndo namba zikatulia.

Takataka nilizifunga nikaandika tarehe, zikakaa stoo karibu miezi 5 mionzi ipungue, yaani nusu inaisha mara kumi hizo. Thesis nishakabidhi kitambo, napigiwa simu njoo upime mfuko wako tuutupe.