Bunduki mpya ya leva iliyodondosha maganda badala ya kuyarusha

Sisi tuliopitia jeshini tumezoea bunduki inayojifanyia kazi. Ukifyatua SMG, yaani AK-47, gesi ya baruti inasukuma pistoni, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi) inarudi nyuma kwa kishindo, na ganda tupu la risasi linaruka mbali hata hujui limeangukia wapi. Bunduki ya leva, ile yenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio unaoushusha na kuupandisha, haina gesi inayoisaidia. Mkono wako ndio injini yake. Nililikumbuka hilo siku bosi aliponikabidhi ile mpya na kusema, "Afande, hii kitu inatema maganda kama mtoto aliyekataa uji."

Kampuni yetu inaongoza wawindaji wa kulipia kwenye ranchi za Kiruhura, Uganda, pembeni mwa Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako uwindaji wa aina hiyo uliruhusiwa kwa majaribio mwaka 2001. Wateja wengi huja na bunduki zao za bolti. Hii ya leva ilinunuliwa ikae ghalani kama akiba, kwa ajili ya ngiri na swala pala. Inatumia risasi ya .45-70, ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1873. Ile 45 ni kipenyo cha risasi kwa sehemu za mia za inchi, na 70 ni greni (kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi zilizokuwa zikijazwa enzi hizo. Ganda lake ni nene, refu, na lina ukingo kitakoni. Kiwanda sikitaji, na hata ningekitaja haisaidii, maana kilichoipata bunduki hii kinaweza kuipata yoyote ya namna yake.

Dalili yenyewe ilikuwa hivi: unashusha leva, ganda linatoka vizuri kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, halafu linajilaza kwenye dirisha la kutolea maganda. Mara linadondoka kwenye buti lako, mara linabaki ndani na risasi inayofuata inakuja kuligonga. Mbele ya ngiri aliyejeruhiwa, hilo si jambo la kuchekea.

Vijana walishaanza kulaumu risasi. Mimi nilitaka kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kuvuta ganda kutoka chemba, na kulirusha nje. Kuvuta ni kazi ya kile kidole cha chuma kilicho ubavuni mwa bolti kinachong'ata ukingo wa ganda. Kurusha ni kazi ya kibati chembamba chenye springi, kilichokaa kwenye ukuta wa kushoto ndani ya mwili wa bunduki. Bolti inaporudi nyuma kabisa, ncha ya kibati hicho inajitokeza kwenye mfereji wa bolti na kugonga kitako cha ganda upande wa kushoto. Kwa kuwa upande wa kulia limeng'atwa, ganda linapinduka na kutoka kulia. Ziko bunduki nyingine zenye pini ya springi usoni mwa bolti, na hizo hurusha ganda hata ukivuta taratibu. Hii yetu sivyo: kadiri bolti inavyorudi kwa kasi, ndivyo kipigo kinavyokuwa kikali.

Kwa hiyo nilianza na mkono. Nilitoa risasi zote, nikachungulia chemba na bomba la magazini, nikapitisha na kidole. Majaribio yote ya mezani niliyafanya kwa maganda matupu, si kwa risasi hai. Nikaingiza ganda, nikashusha leva polepole: likadondoka. Hilo nilitegemea. Nikaishusha kwa nguvu mpaka mwisho wake: likaruka shubiri moja, likaanguka. Hapo mkono ukatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Darubini nayo niliikagua. Ikifungwa chini sana, ganda hugonga kile kifundo chake cha pembeni na kurudi ndani. Ikiwa hivyo utaona alama za njano za shaba. Yetu ilikuwa safi.

Ikabidi niifungue. Hapa naomba uniazime sikio: usitumie bisibisi ya fundi baiskeli. Ncha ya bisibisi isipojaa kwenye mfereji wa skrubu itautafuna, na bunduki mpya itaonekana imepita mikononi mwa wezi. Kwa aina hii unafungua leva kidogo, unatoa skrubu inayoishika, unaichomoa leva, kisha bolti inateleza kuja nyuma. Kibati cha kurushia hubaki ndani, na kikilegea kinaweza kuanguka sakafuni, kwa hiyo tandika kitambaa.

Bolti ikiwa mkononi, nilipachika ganda chini ya kile kidole na kulitikisa. Lilishika imara. Chemba nayo niliimulika kwa tochi: laini, ganda linaingia na kutoka lenyewe. Kikabaki kibati. Nilipokibonyeza ukutani hakikurudi. Kilibaki kimelala. Nyuma yake kulikuwa na grisi ya kiwandani, ile nzito ya kuzuia kutu safarini, na juu yake vumbi jekundu la murramu ya kutoka Sanga. Vikichanganyika vinakuwa udongo wa mfinyanzi.

Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, kitambaa kikavu. Nilisugua kibati, tundu lake na mfereji wa bolti. Kwenye ukingo mmoja wa kibati niliona kinywele cha chuma, nikakipitisha kwenye jiwe la kunolea mara chache, bila kugusa ncha inayogonga. Ukiipunguza ncha hiyo umejitengenezea tatizo jipya. Kisha nikapaka tone la mafuta mepesi, nikakirudisha kwenye tundu lake kwanza, ndipo bolti ikafuata.

Kwenye uwanja wa kupimia shabaha maganda yalianza kuruka hatua kadhaa upande wa kulia, hata kijana mgeni alipofyatua. Nilichomlazimisha ni kushusha leva bunduki ikiwa begani, kwa mkupuo mmoja, bila kuibembeleza.

Baadaye mteja mmoja Mmarekani, anayejaza maganda yake upya nyumbani, alinilalamikia kwamba yanapotelea kwenye nyasi. Nikamwambia, "Mzee, ukiwa uwanjani tu, shusha leva polepole, yatakuangukia miguuni."