Bluu ya Misri, jaribio la tatu: imewaka aisee

Haya jamani, mrejesho. Kwa wageni, natengeneza ile bluu ya kwenye kuta za makaburi ya Misri ya kale. Wekundu na njano waliokota kwenye udongo tu, ila hii bluu waliipika wenyewe motoni.

Mapishi yangu: mchanga mweupe gramu 24, chokaa 10, unga wa shaba 8, magadi 3. Shaba nimetoa kwenye waya wa umeme uliomenywa, unauchoma mpaka unatoa magamba meusi, unayakwangua unatwanga. Magadi ni haya haya ya kulainishia maharage, wenzetu wa Misri walikuwa na ya kwao kule Wadi Natrun, bonde la jangwani, yanafanya mchanga uanze kulegea kwenye moto mapema.

Jaribio la kwanza kuni, moshi kibao, nikatoka na kitu kama tofali maana shaba ikikosa hewa inageukia wekundu. La pili nikaomba tanuri la umeme la rafiki yangu mfinyanzi, nikajifanya fundi nikapandisha hadi nyuzi 1100, ikayeyuka ikawa kioo cha kijani kimeng'ang'ania kikombe, na kikombe nimelipa.

Safari hii nikashika adabu, 900 usiku kucha. Asubuhi nafungua nakuta donge la bluu, gumu, lina vitundu vitundu kama mkate wa kumimina. Nikalitwanga, na hapa ndo nimeelewa kitu: ukiacha chenga kubwa bluu inakuwa nzito, ukisaga laini sana inapauka inakuwa kama anga ya asubuhi. Yaani rangi moja, bluu mbili, na wachoraji wa Misri walilijua hilo wakalitumia.

Sasa kipimo. Bluu hii ukiimulika kwa mwanga wa kawaida inarudisha mwanga wa infraredi, karibu nanomita 910, jicho halioni ila kamera inaona. Ndo njia wanayotumia wataalamu wa makumbusho kutafuta mabaki ya rangi bila kukwangua chochote, pale British Museum waliikuta kwenye mkanda wa sanamu ya Iris, mungu wa kike wa Wagiriki, iliyotoka hekalu la Parthenon kule Athene, mkanda ambao kwa macho ni jiwe tupu. Mimi nimefungua kamera kuukuu ya dijitali, nikang'oa kile kioo kinachozuia infraredi, mbele nikaweka vipande viwili vya filamu ya picha za rangi iliyoungua kwa mwanga na kusafishwa ikawa nyeusi, inazuia mwanga wa kawaida ila infraredi inapita.

Nikachukua kigae, nikakipiga plasta, ikakauka kabisa ndo nikapaka, rangi nimekoroga na gundi ya mgunga. Wamisri hawakupaka kwenye chokaa mbichi kama Warumi wa Pompeii, kwao ukuta ulikauka kwanza. Pembeni nikapaka bluu ya kufulia ili nilinganishe.

Picha za mwanzo zote nyeupeee, nusu saa nahangaika na kamera kumbe mwanga wa jua unapenya dirishani na jua lina infraredi yake. Nikaziba na blanketi, nikawasha taa ya LED nyekundu peke yake.

Bluu ya kufulia: giza. Yangu: inang'aa kama kaa la moto jeupe. Halafu pembeni ya picha, kwenye meza ambayo niliifuta kwa kitambaa mara mbili na ilionekana safi kabisa, kuna alama ya vidole vyangu vinne, inawaka.