Lugha Inayokataa

Jioni hii nimepitia tena, mstari kwa mstari, msimbo uliozaa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu ya kulinda siri za mawasiliano ya mtandaoni, na kadiri ninavyousoma ndivyo ninavyoshindwa kumtwika aliyeuandika lawama zote. Kompyuta huituma seva ujumbe mfupi, hutaja urefu wake, na seva huurudisha kama ulivyo kuonyesha kwamba bado iko hewani. Mtu alipotuma herufi chache akadai ni maelfu, seva iliusadiki urefu uliotajwa, ikanakili na vilivyokuwa jirani katika kumbukumbu, hadi kilobaiti 64, na humo nywila na funguo za siri ziliweza kuvuja. Kasoro hiyo iliingia katika toleo la mwaka 2012 na kugunduliwa mwaka 2014, ilhali msimbo wenyewe ulikuwa wazi kwa yeyote.

Lugha ya C, iliyoandikiwa OpenSSL na aliyoibuni Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikagui mipaka ya safu, yaani orodha ya data iliyopangwa katika kumbukumbu. Mwandishi hujihesabia mwenyewe. Siubezi uamuzi huo, maana kumbukumbu wakati ule ilikuwa haba mno. Rust, lugha mpya zaidi ya kuandikia programu, hukagua, na mipaka ikivukwa huisimamisha programu kabla siri hazijatoka. Wapo wanaoulalamikia ukali huo. Mimi naushukuru, hasa saa nane za usiku.

Hata hivyo, kukagua peke yake hakutoshi. Tarehe 4 Juni 1996, programu ya roketi ya Ariane 5, iliyoandikwa kwa Ada, lugha inayosifika kwa ukali, ilijaribu kuingiza namba ya biti 64 katika nafasi ya biti 16. Kosa lilinaswa palepale, lakini wahandisi walikuwa wameviacha vigeu (namba zinazobadilika) vitatu kati ya saba bila kinga dhidi ya kosa kama hilo ili wasiielemee kompyuta, na roketi ikalipuka sekunde 40 hivi tangu kuwashwa.

Kwa hiyo ninachokithamini zaidi katika Rust ni Result: kipande cha programu kinachoweza kushindwa hurudisha jibu ambalo huwezi kulifungua bila kuandika la kufanya kikishindwa, na hata anayepuuza huandika unwrap, neno ambalo kila mkaguzi analiona. Ndiyo maana inanisikitisha kwamba lugha hiyohiyo imebakiza neno as, linaloibana namba kubwa katika nafasi ndogo bila kusema lolote.