Mkataba wa hoteli na bei ya tewa

Jamani hii kitu imenikaa rohoni miaka. Nilikuwa stoo kwa hoteli moja ya ufukweni huku pwani, mwenyewe anaishi mbali, siku moja tukaambiwa kuna kampuni mpya ya kuendesha hoteli, tenda hatukuiona wala kuisikia. Mwezi haujaisha, samaki tewa wale wale, mvuvi yule yule, ila risiti sasa inapitia kwa mtu wa kati na bei ya kilo imepanda karibu nusu. Mimi ndio nilikuwa napima kwa mizani nasaini.

Kampuni za kuendesha hoteli kawaida zinalipwa asilimia ya mapato yote, na juu yake asilimia ya faida, hasara ya manunuzi anaibeba mwenye jengo. Kwa hivyo mtu akishikishwa kitu, yaani rushwa, ili mkataba uende kwa fulani, ile pesa inarudi polepole kwa samaki, shuka, sabuni, na sisi tunaambiwa mwezi huu sevisi chaji, ile pesa ya huduma tunayogawana wafanyakazi, hakuna. Inauma sana!

Na usiri unafika hata juu. 2008 hoteli ya Grand Regency ya Nairobi, iliyokuwa imetoka kwa Pattni, yule mfanyabiashara wa kashfa ya Goldenberg, ikarudi Benki Kuu, iliuzwa kwa Walibya kama shilingi bilioni 2.9 bila tenda ya wazi, tukajua Orengo, waziri wa ardhi wakati ule, alipoongea. Kimunya, waziri wa fedha, alikana kosa, Bunge likapitisha hoja ya kutokuwa na imani naye, Julai akajiuzulu Hazina.

Zile kilo na tarehe bado ninazo kwa daftari. Mwenye hoteli angeniuliza hata siku moja ningemwonyesha.