Jinsi nilivyotuliza hisia zilizokuwa zikinivuruga kabla ya hedhi

Kwa muda mrefu, siku za kukaribia hedhi zilinijia na hasira za ghafla, machozi yasiyo na sababu na usingizi wa mang'amung'amu, kisha yote hayo yakitoweka muda mfupi baada ya damu kuanza kutoka. Kilichonisaidia kwanza ni daftari. Muuguzi wa zahanati alinishauri niandike hali ya moyo wangu kila jioni kwa mizunguko miwili mfululizo, na kurasa zile zikaonyesha wazi kwamba dhiki huanza baada ya yai kupevuka, wakati homoni za estrojeni na projesteroni zinapopanda na kisha kushuka, na kuigusa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na utulivu wa hisia.

Nilipoujua wakati wake, niliyapanga mambo kulingana nao. Mazungumzo mazito mimi na mume wangu huyaahirisha, naye huelewa bila kuuliza, kwa kuwa siku hizo nimezizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Mimi hutembea kwa kasi kila alfajiri, kahawa nimeipunguza, na chakula changu hakikosi maziwa au dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, kwani kalsiamu imeonekana katika tafiti kupunguza dalili hizi. Hasira bado huja, lakini sasa huitambua kabla haijafika mdomoni.

Ambaye huzuni yake humkatisha tamaa ya kuishi asitegemee matembezi. Amwone daktari upesi, kwani zipo dawa, zikiwemo za sonona, zinazosaidia hali hiyo.