Nilivyoacha kupitwa na Alfajiri

"Huna imani, ndiyo maana huamki kuswali Alfajiri." Nimeambiwa hivyo miaka miwili, na iliniuma kwa sababu si kweli. Swala nne nyingine za siku nilikuwa sizikosi. Kilichoharibika ni tabia ya mwili saa kumi na moja alfajiri, na tabia ina kanuni zake.

Ushauri mwingine mbovu: tega alamu tano. Nikatega. Kumbe kila ukizima ukarudi kulala, zile dakika kumi tamu za usingizi ndizo tuzo, na kinachotuzwa hurudiwa, mwanasaikolojia B.F. Skinner alilionyesha hilo kwa panya na njiwa. Wiki ya tatu mkono wangu ulikuwa unazima simu kabla akili haijaamka.

Dawa ikawa kitochi, simu ndogo ya vitufe, nilikipata Makoroboi hapa Mwanza kwa kama elfu ishirini hivi. Usiku nakitia ndani ya sufuria tupu, sufuria juu ya mfuniko wa ndoo ya maji ya udhu, ndoo uani. Kikilia na kutetema, sufuria inaamsha hadi wapangaji wenzangu. Usitandike kitambaa chini, kinameza mlio. Kukizima lazima nifungue mlango nitoke, na nikishakishika, mkono umeshafika kwenye maji. Kopo la kutilia udhu lijazwe tangu jioni. Likiwa tupu, ile shughuli ya kuchota tu inatosha kukurudisha kitandani.

Nikitoa salamu, kabla sijanyanyuka kwenye mswala, nakula tende moja, ndiyo tuzo yangu. Chai ya saa moja baadaye haifai, mwili umeshasahau inatokana na nini. Yupo aliyeniuliza kama naswali kwa ajili ya tende. Nia ni ya Mwenyezi Mungu. Tende ni ya mwili uliozoea godoro.

Anza na rakaa mbili za sunna na mbili za faradhi, basi. Mimi nilianza kwa kuongeza tahajudi, swala ya usiku, na kusoma juzuu nzima ya Qur'ani, nikadumu siku tisa. Mtume (s.a.w.) alishatufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa kidogo. Watafiti wa London mwaka 2010 walikuta tabia mpya inakaa kwa wastani wa siku 66, na kukosa siku moja hakuibomoi.

Pabaya ni safarini. Nilivuka ziwa kwenda Nansio, Ukerewe, siku nne, Alfajiri tatu zikanipita: ndoo na sufuria vilibaki nyumbani Kirumba. Sasa kitochi na kopo la chuma vinakaa kwenye begi, na mwenyeji namwomba maji ya udhu usiku uleule, kabla taa hazijazimwa.