Kumbukumbu ya mradi: somo la kwanza la yoga, dakika 60

Ratiba imekamilika: dakika 5 za kukaa na kupumua, 8 za kulegeza mgongo kwa mikono na magoti, 12 za Salamu ya Jua (mfululizo wa mikao inayofuata pumzi), 17 za mikao ya kusimama, 10 za mikao ya kukaa na kulala, 8 za Savasana (kulala chali na kupumzika mwishoni). Muda ukibana, unaoondolewa ni mkao mmoja wa kusimama, tena kwa pande zote mbili. Savasana haiguswi. Walimu wapya wengi huifupisha kwa sababu wamerundika mikao, na wanafunzi huondoka mapigo ya moyo yakiwa bado juu.

Kazi kubwa sasa ni maelekezo ya mdomo. Mpangilio unaofaa ni pumzi, kitendo, kiungo, uelekeo: “Vuteni pumzi, pelekeni mguu wa kulia mbele, kati ya mikono.” Neno la pumzi litangulie kidogo, la sivyo darasa zima litakuwa limeshatoa pumzi mwalimu akisema vuteni. Baada ya hapo, maelekezo matatu kwa kila mkao yanatosha, kuanzia kinachogusa sakafu. Katika Shujaa wa Pili (kusimama miguu ikiwa mbalimbali, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa pembeni): nyayo kwanza, kisha goti la mbele, kisha mikono. Goti likilalia ndani, waambie walielekeze upande wa kidole kidogo cha mguu.

Kulia na kushoto huwachanganya wengi. Ukiwatazama wanafunzi, sema “kulia” huku ukisogeza kushoto kwako, ili wakuone kama kioo. Hili lifanyiwe mazoezi peke yake, kwa sauti, mpaka ulimi usisite. Jirekodi kwa simu ukielekeza bila kuonyesha, kisha ufuate rekodi hiyo ukiwa umefumba macho. Pale mwili unapokwama ndipo maneno yalipopungua.

Chaturanga (kushuka polepole kuelekea sakafuni kwa kukunja viwiko, kama pushapu) ndiyo inayoumiza mabega ya wanaoanza. Wakichoka, mabega hushuka chini ya usawa wa viwiko na mzigo wote huangukia mbele ya bega. Kwa somo la kwanza wote waweke magoti chini kabla ya kushuka, viwiko vikae karibu na mbavu, na waishie mabega yanapolingana na viwiko. Katika mkao wa mbwa anayetazama chini (viganja na nyayo sakafuni, nyonga juu), mgongo ukijikunja usiwasukume visigino. Misuli ya nyuma ya paja imekaza tu. Wakunje magoti, wainue nyonga, mgongo utanyooka.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuanza: shinikizo la damu, presha ya macho, ujauzito, upasuaji wa karibuni, goti au mgongo unaouma. Mwenye shinikizo lisilodhibitiwa au presha ya macho asikae kichwa chini kwa muda, wala asizuie pumzi. Mjamzito asilalie tumbo. Mimba ikiwa kubwa, Savasana afanye kwa ubavu wa kushoto. Kusimama kwa kichwa hakumo kabisa kwenye somo hili, na hakuna kumrekebisha mtu kwa mikono. Maneno kwanza.

Vifaa: mkeka mmoja kwa kila mtu, matofali mawili ya yoga, na taulo dogo kwa viganja vinavyotoka jasho. Badala ya mkanda, kanga iliyokunjwa kwa urefu inafaa vizuri. Izungushwe kwenye wayo, si kwenye vidole.

Kilichobaki ni upande wa pili wa mikao ya kusimama, ambako maelekezo bado yanachukua muda mrefu kuliko upande wa kwanza.